Neno la Kumrudisha Bi Nyamizi

Tangu nirudi Buyenzi mmenicheka kwa jambo moja. Mtu akija kunijulia hali, akiaga naondoka naye. Namfikisha njia panda, namfikisha msikitini, mwisho namfikisha mlangoni kwake, na hapo nasimama kama niliyesahau kitu. Hamisi fundi baiskeli aliniuliza juzi kama serikali imenituma kukagua nyumba za watu. Mkewe akamwambia, "Mwache. Tabora wamemzoeza kutembea."

Basi naandika, ili nisirudie maelezo kwa kila mmoja. Habari za vibali na foleni za ofisini naziacha, maana mnazijua na hazina utamu. Nitawachukua kituo hadi kituo kama nilivyopita mwenyewe. Jibu la swali lenu limo njiani, na nikilitoa hapa mwanzoni mtaliona dogo.

Kwa wale waliokuwa watoto nilipoondoka, nieleze kwanza nilikwendea nini. Shule zilizo karibu nasi ni za misheni, na wazee wengi wa mtaa hawakuzitaka. Baba yangu, ambaye wote mmewahi kushonewa naye kanzu, alikubaliana na majirani nipelekwe kutoka Usumbura hapa mpaka Tabora, upande wa Mwingereza, kwenye shule moja ya Waislamu. Nikimaliza nirudi niwafundishe watoto wa Buyenzi kusoma, kuandika na hesabu. Ahadi ilikuwa hiyo, nami niliishika miaka yote bila shida, kwa sababu hakuna aliyeijaribu.

Wiki chache kabla ya kumaliza, mwalimu mkuu aliniita. Mwalimu wa darasa la chini alikuwa akihamia Mwanza, na nafasi yake ingekuwa wazi Januari. "Ningependa uishike wewe, Masudi," akasema. "Watoto wamekuzoea. Fikiri, unijibu kabla shule haijafunguliwa." Nilitoka pale nimefurahi kwa mguu mmoja, mwingine mzito. Nyumbani sikusema. Nilimwambia mtu mmoja tu, Bi Nyamizi.

Isevya hadi stesheni

Bi Nyamizi ni mjane wa makamo, ana nyumba ya udongo pale mtaa wa Isevya, na chumba cha uani ndicho nilichokaa muda wote wa masomo. Anauza asali. Watu wa Sikonge wanamletea kwa baiskeli, imefungwa kwenye madebe, naye anaichuja na kuipima kwa chupa barazani. Nilipofika kwake nilikuwa sijui hata kuitikia salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. Yeye ndiye aliyenifundisha, kama alivyonifundisha uyoga upi wa porini unaliwa na upi unaachwa, na kwamba asali ya mti huu ni nyeusi na ya mti ule ni nyeupe. Kila kitu kwake kilikuwa na maelezo, na mimi napenda maelezo. Tulielewana.

Nilipomweleza habari ya mwalimu mkuu hakunishauri lolote. Alisema tu, "Ehe," akaendelea kuchuja asali.

Asubuhi ya safari nilimkuta chumbani kwangu, amesimama mbele ya kitanda.

"Godoro hili nilikunje au niliache?"

"Vyovyote utakavyoona, mama."

"Godoro unalalia wewe, nione mimi," akasema. Alilitazama kidogo, akatandaza mkeka juu yake, akatoka.

Nje alikuwa anamkabidhi jirani yake, Mama Sikitu, ufunguo na habari za madebe. Nilisikia Mama Sikitu akimuuliza atarudi saa ngapi.

"Akinirudisha," alijibu Bi Nyamizi.

Nilidhani ni mzaha wao. Nikajitwika kasha langu, yeye akajitwika mfuko wa michembe aliyonifungia. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama vibao. Havigandi, haviozi, havidai friji wala mafuta. Unavichemsha na karanga, na chakula kipo.

Gari la moshi kutoka pwani lilikuwa limechelewa. Kila aliyeulizwa pale stesheni alikuwa na sababu yake: mmoja alisema ng'ombe, mwingine daraja, mwingine alisema dereva ana harusi Dodoma. Tulikaa juu ya kasha tukinywa chai ya tangawizi na kula vitumbua, na Bi Nyamizi akaniuliza vituo vyote vilivyo mbele yangu. Nilipovitaja alitikisa kichwa kwa kila jina.

"Reli imeifuata njia ya baba," akasema. Baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo mpaka Ujiji kwa miguu, mara nyingi, na kila aliporudi alikuja na hadithi. "Alituambia habari za mto wenye mitumbwi, ambapo wavushaji wanabishana nawe mpaka uchoke. Alituambia juu ya watu wanaochemsha matope yakawa chumvi. Na mwisho maji, maji yasiyo na ng'ambo. Mimi sijawahi kupita Usoke."

Gari lilipofika, alipanda nami kunipangia mzigo. Akapata nafasi dirishani, akaniketisha, akaketi na yeye. Filimbi ikalia.

Tabora hadi Kaliua

Nilisimama nikamwambia, "Mama, gari linakwenda."

"Naona."

"Utateremkia wapi?"

Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize alichoanza kusema. Nikaona haya kuuliza tena. Nikajisemea pengine ana ndugu Usoke, anawaendea, na hakutaka kuvuruga kuagana kwetu kwa kulitaja.

Mkata tiketi alikuja akiwa na kofia iliyomshinda kichwa.

"Mama, tiketi."

"Sina. Namsindikiza mwanangu."

"Kusindikiza huishia stesheni, mama."

"Stesheni ipi?"

Behewa zima likacheka, na mkata tiketi akajikuna shingo. "Wewe unateremka wapi?"

Bi Nyamizi akanielekezea kidevu. "Muulize yeye."

Nikasema Usoke, nikamlipia. Yeye akashukuru, akageukia dirisha, na kuanzia hapo akawa kama mtoto. Alinionyesha mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti, akanieleza kwa nini huu umetazama huku na ule kule, na kwamba mwenye mzinga akipita chini yake anaujua kwa mbali kama mtu anavyoujua mgongo wa nduguye. Mimi nilikuwa nasikiliza na huku najiambia: Januari unaweza kuwa hapa tena. Halafu naliona duka la baba, na mama akimtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake hayalioni tundu tena, na wale watoto wanaoshinda barazani wakicheza kwa vifungo vilivyoanguka. Nikawa nageuza moja na lingine kama mtu anayegeuza chapati, wala haiivi upande wowote.

Usoke mvua ilikuwa inamwagika. Jukwaa lote lilikuwa dimbwi.

"Mama, utalowa," nikasema. "Afadhali uteremkie Urambo."

"Haya. Urambo."

Urambo hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa zuri, na mwanamke mmoja alikuja dirishani na karanga za kukaanga, bado za moto. Nikanunua. Nilimwona Bi Nyamizi amekaa, mikono juu ya mapaja, akinitazama. Nikasema, "Tumalize karanga hizi kwanza, uteremkie Kaliua." Najua mnavyofikiri. Lakini wakati ule niliona nafanya adabu: huwezi kumshusha mama wa watu njiani mdomo umejaa karanga.

Kaliua nilipata sababu nyingine, siikumbuki. Mkata tiketi alinijia safari hii bila hata kumtazama yeye.

"Huyu mama sasa nimwandikie mpaka wapi, maana kidole changu kimechoka."

"Andika Nguruka."

"Ana nini Nguruka?"

Nikamtazama Bi Nyamizi. Naye akasema tena, kwa upole uleule, "Muulize yeye."

Niwaeleze nilichokuwa naamini. Niliamini kwamba ana shughuli zake mbele, labda kununua chumvi Uvinza kwa biashara, na kwamba anajificha kwa haya ya mjane anayesafiri peke yake. Kwetu anayesindikiza ndiye anayesema, "Mimi naishia hapa." Anasema, mnapeana mkono, basi. Hakusema, kwa hiyo hakuwa anasindikiza. Ndivyo nilivyohesabu, na hesabu nzuri kabisa, ila ya kwetu.

Nguruka, maji juu ya reli

Gari lilisimama Nguruka, halikuondoka. Stesheni masta alipita behewa hadi behewa akitangaza kwamba huko mbele, karibu na mto Malagarasi, reli imo ndani ya maji. Tungengoja yapungue. Mtu mmoja akamuuliza yatapungua lini. Akajibu kwamba hajaelewana nayo bado.

Tulikaa siku mbili. Mwanzoni watu walinung'unika, halafu wakateremka, halafu kila behewa likawa mtaa. Wenyeji walileta kambale wabichi na wa kukaushwa. Mafiga yalipangwa kando ya reli. Na hapo ndipo tulipojuana na Bwana Ruhoza, Mha mwenye mabega mapana anayefanya kazi kwenye chumvi ya Uvinza, aliyekuwa anarudi kazini baada ya kumzika shemejiye Tabora.

Bwana Ruhoza alimkuta Bi Nyamizi anamimina michembe sufuriani. Akachutama, akaokota kipande kimoja, akakinusa.

"Dada, hii dawa ni ya tumbo au ya mgongo?"

"Ni ya njaa."

"Gome la mti gani?"

"La mti unaoota chini ya ardhi," akasema Bi Nyamizi. "Umekaa Tabora wiki nzima, shemeji zako wamekulisha nini, upepo?"

"Wamenilisha wali, kwa heshima ya msiba."

"Basi bado hujafika Tabora."

Alipoonja alifungua kitambaa mfukoni, akatoa chumvi. Mtu wa Uvinza, alisema, hatembei bila chumvi yake, maana ya dukani ina ukali lakini haina utamu. Nikamuuliza inavyotengenezwa, akanieleza vizuri nami nawapa kama alivyonipa. Kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto. Maji yanachotwa, yanachemshwa kwa kuni muda mrefu, mvuke unakwenda na chumvi inabaki chini kama theluji ile tunayosoma vitabuni. Kazi ngumu ni moto: ukizidi, chumvi inaungua na kuwa chungu, ukipungua, unashinda unachemsha maji. Bi Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo baba hakuongopa," akasema. "Mimi nilidhani matope yale ni chumvi za maneno."

Siku ya pili, yeye akiwa kwa wauza samaki, Bwana Ruhoza alinivuta kando.

"Kijana, mbona unamtesa mama wa watu?"

"Namtesa nini?"

"Mbona humrudishi?"

"Nimrudishe wapi? Anakwenda Uvinza kununua chumvi."

"Nani alikwambia?"

Nikatafuta aliyeniambia, sikumpata.

Bwana Ruhoza akakaa juu ya reli. "Mimi nimechemsha chumvi na Wanyamwezi wengi. Nimewaona. Wapo ambao kwao anayesafiri ndiye humrudisha anayemsindikiza. Yule anayekusindikiza hawezi kukwambia naishia hapa, ni kama kukusukuma. Anangoja wewe ugeuke umwambie, rudi. Na ukimwambia rudi, unamwambia na la pili: utakuja lini, au huji. Mama huyu anangoja maneno mawili tangu Tabora, na wewe unamnunulia karanga."

Nilikaa na mimi juu ya reli. Mambo yote yalinirudia kwa mpigo: godoro, Mama Sikitu, "muulize yeye". Nilipomfuata Bi Nyamizi nilimkuta ameshika kambale kwa mkia anabishana bei. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Kweli nini?"

"Kwamba unangoja nikurudishe."

"Sasa ulidhani nafanya nini humu, nakagua mabehewa?" Akamrudisha samaki kwa mwenyewe. "Baba alipokuwa akiondoka na msafara, mama alikuwa anatubeba tunamfuata hadi kambi ya kwanza. Pale baba anageuka, anasema, rudini, nitakuja mtama ukiiva. Au anasema, rudini, safari hii ni ndefu, msiningojee msimu huu. Tunarudi. Tunajua namna ya kulala. Safari moja hakutugeukia. Alikwenda tu, na mizigo kichwani. Mama alisimama kambini mpaka vumbi likaisha. Alirudi, lakini hajarudishwa, unaelewa? Alikaa barazani mwaka mzima kama mtu aliye njiani."

"Na baba?"

"Alikuja, baadaye sana. Alikuwa hajui kama atakuja, ndiyo maana hakusema. Mama alimwambia, bora ungesema huji." Akajifuta mikono. "Mimi sina haraka, mwanangu. Ila siendi kukaa barazani."

Nilifungua mdomo nimrudishe palepale. Lakini neno la kwanza linalivuta la pili, na la pili sikuwa nalo.

Uvinza

Maji yalipungua, gari likavuka Malagarasi taratibu kama mtu anayepita sebule ya wakwe. Bi Nyamizi alitoa kichwa dirishani kutafuta mitumbwi. Aliiona miwili, akakiri kwamba wavushaji wa sasa wanaonekana watulivu.

Uvinza tuliona moshi wa kuni wa wachemshaji kabla hatujaona nyumba. Bwana Ruhoza alishuka na vitu vyake, na sisi tukateremka tumfikishe mwisho wa jukwaa. Hapo akageuka. Aliweka chini mzigo, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Rudini. Mavuno yakiisha nitapita Tabora kumaliza mambo ya shemeji yangu, nitakula michembe."

"Haya," akasema Bi Nyamizi. "Kwa chumvi yako."

Basi. Halikuwa jambo kubwa zaidi ya hapo. Lakini nilimwona anavyorudi behewani: mwepesi, khanga begani, tayari anamwuliza mtu mwingine habari nyingine. Nikaelewa kwamba neno lile ni zawadi. Nilikuwa nimeketi juu yake tangu Isevya, nikidhani namwonea huruma.

Ujiji

Kigoma tulifika mchana, na kwa kuwa meli ya Usumbura ilikuwa ya kesho yake, tukaenda Ujiji kwa shangazi yangu, Bi Mwajuma. Wengi wenu mnamjua. Alimwona mama wa makamo nyuma yangu, ana mfuko kichwani na amekuja kutoka mbali, akatuvuta ndani, akafunga mlango.

"Masudi, umeoa huko Tabora?"

"La, shangazi."

"Basi mama mkwe umemleta wa nini?"

Nikamwamkia upya, shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, jicho liko kwa mgeni. Bi Nyamizi akamwambia, "Dada, mimi sina binti wa kumpa huyu. Hajui hata kusema rudi." Shangazi hakuelewa, lakini alicheka, na kuanzia hapo waliniacha nje ya mazungumzo yao.

Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese. Bi Nyamizi aliutazama mchuzi mwekundu ule.

"Hii ni rangi au chakula?"

"Onja, utajua," akasema shangazi.

Akaonja. Akaonja tena. "Chakula," akasema, "lakini kitanifulisha khanga."

Asubuhi mvua ya alfajiri ilikuwa imesafisha anga. Tulikwenda ziwani sisi watatu. Ninyi mmelizoea ziwa hili, mnaogea, mnafulia, hamlioni. Mimi nililiona siku ile kwa kumtazama yeye. Alisimama mchangani, viatu mkononi, kwa muda mrefu. Mbele yetu, ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa imesimama wazi kabisa, buluu, mtu angeweza kuhesabu mabonde yake.

"Baba aliongopa," akasema.

"Kwa nini?"

"Alisema maji hayana ng'ambo. Ile nini?"

"Pengine siku alizokuja palikuwa na ukungu, mama. Mara nyingi haionekani."

"Mara zote alizokuja?" Akafikiri. "Au hakungoja uondoke. Alikuwa na haraka ya kurudi kutusimulia."

Shangazi aliondoka kidogo kuzungumza na wanawake waliokuwa wanaanika dagaa. Tulibaki wawili. Nilitazama upande wa kaskazini, ambako meli ingenipeleka, kisha nikamtazama yeye. Sikuwa nimefanya hesabu yoyote mpya. Ila nilikuwa nimemwona Bwana Ruhoza, na nilikuwa nimemwaza yule mama aliyekaa barazani mwaka mzima, na nilijua kuna baraza nyingine, ya duka la fundi cherehani, ambapo watu nao wananingoja bila kuambiwa lolote.

Nikaweka chini kasha. Nikageuka.

"Rudi, mama," nikasema. "Januari siji. Watoto wa kwetu walitangulia kuahidiwa. Mwambie mwalimu mkuu namshukuru. Nitakuja kukuona, mvua zikianza na uyoga ukitoka, lakini si mwaka huu."

Uso wake haukufanya lolote, ila mikono ilipanga khanga upya.

"Haya," akasema. "Godoro nitalikunja."

"Likunje, mama."

"Nitaliweka darini. Siliuzi." Kisha akavaa viatu. "Umechelewa kusema, lakini umesema vizuri. Ungenirudisha Usoke nisingeuona huu mlima."

Nilimpa mkono, akaushika kwa mikono miwili kama afanyavyo na watu wa Sikonge wakileta asali nzuri, akaniachia mfuko wa michembe. Halafu aligeuka, akapanda mchanga kuelekea kwa shangazi, ambaye alikuwa ameahidi kumfikisha stesheni nikishamrudisha. Nilingoja ageuke. Hakugeuka. Alifika kwa waanika dagaa, akasimama, akachota dagaa kiganjani na kuwanusa, na nikasikia anauliza wanakaa muda gani bila kuharibika, na kama wakifungwa vizuri wanafika Tabora. Nilipoondoka kwenda bandarini alikuwa bado anauliza.

Buyenzi

Melini hapakutokea kitu cha kusimulia. Mtu mmoja aliiona michembe yangu akaniuliza kama nafanya useremala.

Yaliyobaki mnayajua, mlinipokea wenyewe. Darasa liko barazani kwa baba, asubuhi kabla jua halijafika upande ule, na vifungo vilivyoanguka tunavitumia kwa hesabu. Wapo wanaojua kujumlisha tayari. Siku nyingine, saa za mchana, naikumbuka Isevya mpaka nasikia harufu ya nta, na sijui kama nilichagua vizuri. Najua nilichagua, na kuna mtu mahali fulani anayejua namna ya kulala.

Tabia ya kusindikiza ndiyo niliyorudi nayo. Najua kwenu mimi ndiye ninayepaswa kusema naishia hapa. Najaribu, ulimi unakataa. Kwa hiyo mkinisikia nyuma yenu njiani, msinifikirie vibaya na msinifungie milango. Geukeni, mseme rudi, mseme mtakuja lini. Hamisi, wewe ndiwe wa kwanza. Jana nilikufikisha hadi kwa mkweo, tukala huko, na mpaka sasa hujanirudisha.